Nyanya Ikilaza Majani: Mwongozo kwa Bustani za Rumangabo

Nyanya ikilaza majani saa saba mchana, usikimbilie bidoni. Iache hadi jioni. Jua likishateremka upande wa volkeno ya Nyamulagira na majani yakasimama tena yenyewe, mmea huo hauna shida. Majani yalikuwa yanapoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, basi yakalegea ili kupunguza hasara. Ukiumwagia lita tano saa ile ya jua kali hujauponya, na ukirudia siku nne mfululizo ndipo mmea utaanza kuumwa kweli.

Wa kutia wasiwasi ni ule unaoukuta umelala asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, umande ungali juu ya majani. Huo umepita usiku mzima wa baridi bila kupata nafuu. Mwongozo huu ni wa mmea huo. Nitazungumzia nyanya zaidi, kwa kuwa ndiyo mboga inayoleta pesa upesi na kufa upesi, lakini pilipili na mbilingani hufuata njia ile ile. Kabichi nayo huifuata.

Jua huchoma nyanya za Rumangabo, ni kweli. Lakini nyingi zaidi humalizwa na haraka ya mwenye bustani siku mbili tatu baada ya jua: maji mengi, mbolea, dawa na kisu cha kukatia majani, vyote asubuhi moja. Mmea ulioumia unahitaji vitu vichache sana, na kimoja kati ya hivyo ni muda.

Udongo unaolimia

Rumangabo iko kando ya barabara ya kitaifa namba 2, zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Goma, kwenye miinuko iliyo juu ya mita 1,500. Joto la hewa yake si la Kindu wala la Kisangani. Asubuhi nyingi mtu hutoka na sweta. Kinachochoma ni jua lenyewe. Tuko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta, hewa ni nyepesi, na mchana wa Julai usio na wingu miale hushuka bila kizuizi juu ya changarawe nyeusi ya volkeno, ambayo humeza joto. Weka kiganja juu ya udongo mtupu saa nane mchana. Ukishindwa kukiacha hapo huku ukihesabu polepole hadi kumi, basi mizizi iliyo karibu na uso inaungua hata kama ulinywesha asubuhi.

Changarawe hiyo ina tabia nyingine: haishiki maji. Kambi ya wakimbizi kutoka Rwanda ilipowekwa Kibumba mwaka 1994, maji yalibidi yaletwe kwa malori, kwa sababu mvua inayonyesha pale, ambayo si haba, huzama ndani ya lava isibaki hata kijito juu. Kutoka Kibumba kupitia Rugari hadi Rumangabo, mwenye bustani anapambana na jambo hilo hilo kwa viwango tofauti. Ukimwaga bidoni zima kwa mkupuo, sehemu kubwa itapita pembeni mwa mizizi na kwenda chini kusikofikiwa na nyanya yoyote.

Lakini usidhani kila bustani ya Rumangabo ni changarawe. Kuna vipande vyenye udongo mweusi wenye kina, na kuna mahali palipokanyagwa na ng'ombe, magari au wapita njia hadi udongo ukashikana. Hapo, mwezi wa Aprili, maji husimama siku mbili. Jirani yako akikwambia ananywesha kila asubuhi na nyanya zake zinapendeza, muulize kwanza analima upande gani wa njia.

Chimba kabla ya kumwaga

Mmea wenye kiu na mmea uliozama hulala vilevile ukiutazama kwa mbali. Wenye kiu umelala kwa kuwa hakuna maji. Uliozama umelala katikati ya maji, kwa sababu mizizi nayo hupumua, na udongo ukijaa maji hewa hutoka, mizizi hukosa pumzi na kushindwa kunyonya. Anayemwagia huo wa pili anamalizia kazi.

Kwa hiyo asubuhi, kabla jua halijapanda, chukua kisu au panga. Pima upana wa kiganja kutoka kwenye shina, ufukue kidogo hadi kina cha kidole chote cha kati, sentimita nane hadi kumi. Usiridhike na uso. Hapa uso hukauka saa chache tu baada ya kunywesha huku chini kukiwa na unyevu wa kutosha, na kinyume chake mvua ya dakika kumi hulowesha uso ukadhani shamba limekunywa. Kamata udongo wa chini, uubane kwenye kiganja. Ukimwagika kama ulivyo, ni mkavu. Ukishikana na kuacha unyevu mkononi bila kutoa tone, una maji ya kutosha na hupaswi kuongeza. Ukikamuka maji, umezama. Unuse pia: udongo uliokosa hewa hutoa harufu ya uchachu, ya kitu kinachooza. Kama umekutana na mzizi mdogo hapo, uangalie rangi. Mweupe au wa maziwa ni mzima. Wa kahawia, laini, ambao ganda lake linavuliwa kwa kucha na kuacha uzi katikati, umekufa.

Majani nayo yana maneno yake. Ya mmea wenye kiu hupoteza mng'ao, huwa membamba mkononi, na ya chini hukauka kingo yakavunjika ukiyakunja. Ya mmea uliozama hubaki mazito na laini, ya chini huwa manjano, na vikonyo huinama chini ingawa jani lenyewe bado limejaa. Yaliyoumizwa na jua tu hukunja kingo kwenda juu, ya chini yakitangulia, na kugeuka magumu. Hayo mara nyingi hayaashirii ugonjwa, na mmea huendelea kuzaa hivyo hivyo.

Lipo kundi la nne ambalo ni lazima ulitoe kwenye hesabu kabla ya kuendelea, kwa sababu hapo maji, kivuli na subira havisaidii. Ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa uleule unaoua viazi. Mmea hulala wote ungali wa kijani kibichi, leo tawi moja, kesho kutwa shina zima, na hausimami usiku. Kuupima ni rahisi. Kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole, ukitundike kwenye gilasi ya maji safi ili ncha iliyokatwa iguse maji, kisha utulie dakika chache pasipo kutikisa. Ukiona uzi mweupe wa rangi ya maziwa unashuka kutoka kwenye kidonda, basi ni huo. Hauna dawa. Ng'oa mmea na udongo unaozunguka mizizi, uchome moto nje ya bustani, usiutupe kwenye shimo la mboji, na uoshe jembe kabla ya kugusa mstari mwingine. Pale usirudishe nyanya, viazi, pilipili wala mbilingani kwa misimu kadhaa. Panda mahindi au maharage. Katika eneo hili ambalo viazi hulimwa kila upande, na mbegu yake huzunguka kutoka mkono hadi mkono, kipimo hiki cha gilasi kifanye kila unapoona mmea mmoja umelala peke yake katikati ya wazima. Kiu haichagui mmea mmoja.

Mmea mkavu

Udongo wa volkeno ukishakauka sana hukataa maji. Utaona yanatiririka juu yake, yanakusanyika bondeni mwa tuta, wewe unaridhika kwamba umenywesha. Ndiyo maana mara ya kwanza ni lazima uende kwa awamu. Upe kila mmea nusu lita polepole, pasipo kumwagia majani, kisha endelea na mstari hadi mwisho. Ukirudi pale ulipoanzia, baada ya dakika kumi na tano au ishirini, udongo utakuwa umelainika. Sasa toa lita moja, nayo polepole. Fukua kando ya mmea mmoja uone maji yamefika wapi. Unataka unyevu ufike sentimita kumi na tano au ishirini. Kama bado, rudi mara ya tatu.

Fanya hivyo asubuhi na mapema. Jioni pia inafaa katika Julai na Agosti, hewa ikiwa kavu. Msimu wa mvua usiguse majani jioni hata kidogo, maana yakilala na maji usiku wa baridi unakaribisha mildiu, ugonjwa wa madoa ya kahawia yenye ukungu mweupe chini ya jani, ambao humaliza bustani kwa wiki moja. Watu husema tone la maji juu ya jani huliunguza jua likitoka. Jani la nyanya haliungui hivyo. Hasara ya kulowesha majani ni magonjwa, na maji yanayopotea hewani kabla ya kufika chini.

Baada ya hapo usinyweshe kwa kalenda. Fukua tena kesho asubuhi. Kwenye changarawe huenda ukahitaji kurudi kila siku, na kwenye udongo mweusi mzito siku ya tatu. Mmea mkubwa wenye matunda hunywa kati ya lita 1 na 2 katika siku ya jua kali, na mche mchanga hutosheka na sehemu ndogo ya hapo. Cha muhimu ni kina. Kikombe kimoja kila jioni juu juu ndicho kinachofundisha mizizi kukaa juu, kwenye tabaka lile lililokuchoma kiganja.

Mmea uliozama

Hapa kazi kubwa ni kujizuia. Acha kabisa kunywesha. Kama kuna nyasi ulizotandaza, zisogeze kando ili udongo upumue, kisha chora mfereji mdogo kati ya mistari, upana wa jembe, uelekee mteremko. Vunja ganda la juu kwa vidole au kwa jembe dogo, bila kwenda chini, kwa kuwa mizizi michache iliyobaki hai ndiyo iliyo juu.

Mizizi ya chini ikishaoza haifufuki. Lakini nyanya ina neema ambayo mboga nyingi hazina: shina lake huota mizizi mipya mahali popote linapoguswa na udongo wenye unyevu. Udongo ukishaanza kukauka, siku ya tatu au ya nne, pandishia udongo mkavu na mwepesi kuzunguka shina hadi kimo cha sentimita kumi, ukiondoa kwanza majani ambayo yangefunikwa. Ukitazama vizuri utaona vinundu vidogo vyeupe vimeshajitokeza kwenye shina karibu na ardhi. Hiyo ni mizizi inayotafuta pa kuingia. Kabichi na mbilingani hazifanyi hivi kwa wepesi wa nyanya, usizifukie.

Jua likiwaka juu ya mmea uliozama, utalala mchana na utakuumiza roho. Usiupe maji. Upe kivuli.

Kivuli cha siku chache

Iwe mmea umekauka au umezama, kivuli hupunguza kazi ya mizizi wakati inajirekebisha. Huhitaji wavu wa dukani. Simika matete au vijiti viwili upande wa magharibi wa mstari, mahali jua la alasiri linapotokea, uegemeze majani ya migomba au matete yaliyosukwa ovyo. Yaache yapitishe mwanga. Nyanya iliyofungiwa gizani hurefuka na kuwa dhaifu. Asubuhi iache ipate jua lake.

Siku nne hadi saba zinatosha. Siku ya kuondoa, ondoa jioni au siku ya mawingu, na ikiwezekana punguza nusu kwanza. Miche inayotoka kitaluni ihudumiwe hivyo hivyo: wiki ya mwisho ifunuliwe kidogo kidogo, ipandwe jioni, na ipate kijiti cha majani upande wa magharibi kwa siku tatu za mwanzo. Miche mingi inayosemwa kuwa imeuawa na wadudu Januari, kwenye kile kiangazi kifupi, ilihamishwa saa nne asubuhi kutoka kivulini hadi jua kamili.

Fito, matete na nyasi hizi zitafute kwenye mipaka ya mashamba, kandokando ya njia, au kwa jirani mwenye migomba. Rumangabo ndipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na mwenye kuvuka mpaka wa parki kwa ajili ya mzigo wa fito anajitafutia kesi na walinzi, ambayo bei yake haitalipwa na makreti mawili ya nyanya.

Viache vilivyo

Usitie mbolea. Mmea uliolala hauna njaa, na chumvi ya urea au NPK kwenye udongo mkavu huvuta maji kutoka kwenye mizizi badala ya kuyaingiza. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza vilevile. Subiri hadi uone majani mapya ya kijani safi yamefunguka kileleni, kwa kawaida wiki moja hadi siku kumi, ndipo uanze na maji ya samadi iliyooza, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, kwenye udongo uliokwisha kunyweshwa.

Usipige dawa ya ukungu juani eti kwa tahadhari. Mankozebu haiponyi kiu. Dawa nyingi zikipigwa mchana juu ya majani yaliyoumia huyaunguza zaidi, na yule atakayeinunua nyanya hiyo sokoni Goma atakula ulichopiga.

Usikate majani yaliyoungua nusu. Nusu iliyobaki inatengeneza chakula, na jani zima, hata likiwa baya, linafunika tunda. Ukiyavua yote, wiki ijayo utakuta matunda yana baka jeupe lenye ngozi ya karatasi upande wa jua, na hayo hayauziki. Toa yale yaliyokauka kabisa tu. Maua yakianguka, acha yaanguke. Mmea umejipunguzia mzigo wenyewe. Kama una matunda mengi kuliko majani, usaidie: chuma yaliyoanza kugeuka rangi yaivie nyumbani, na vunja madogo kabisa ya kileleni.

Moshi wa volkeno

Kuna kuungua ambako si kwa jua. Nyamulagira na Nyiragongo hutoa gesi ya salfa, na ikikutana na mvua au umande huwa tindikali inayoacha madoa meupe au ya kahawia katikati ya mishipa ya majani. Upepo wa kwetu mara nyingi huupeleka moshi huo magharibi, kwa watu wa Rusayo, Sake na Masisi, lakini hugeuka. Dalili ya kuutambua ni kwamba doa hutokea usiku mmoja, kwenye mimea ya aina nyingi kwa pamoja: nyanya, maharage na majani pori ya kando ya njia, tena yale ya juu yanayotazama mbingu ndiyo yanayoumia zaidi. Hapo ndipo pekee ninaposhauri kumwagia majani: yasuuze kwa maji safi asubuhi hiyo hiyo, pamoja na majivu kama yameanguka. Maji ya mvua ya kwanza baada ya moshi yaache yapite, usiyaingize kwenye pipa la kunyweshea.

Bustani iliyoachwa

Tangu vita virudi Rutshuru mwishoni mwa mwaka 2021, familia nyingi za njia hii zimewahi kuacha nyanya zikichanua na kwenda kulala kwenye kambi ya Kanyaruchinya au kwa ndugu Goma. Anayerudi baada ya wiki mbili au tatu za jua hukuta mistari ya kahawia, akang'oa yote kwa uchungu. Kabla hujang'oa, kwaruza shina kwa kucha, kiganja kimoja juu ya ardhi. Chini ya ganda kukiwa kijani na unyevunyevu, shina liko hai. Linyweshe kwa awamu nilivyoeleza, lipe kivuli, usikate chochote kwa wiki moja. Kisha tazama kwenye makwapa ya majani ya chini: kichipukizi kikitokeza, kata shina kavu lililo juu yake ukiacha sentimita mbili, na ukilee kichipukizi hicho kiwe shina jipya. Kitachelewa, matunda yatakuwa machache, lakini hutahitaji kununua mbegu.

Kama mmea mmoja tu una tawi zima, tumia tawi hilo. Kata ncha ya urefu wa kiganja, toa majani ya chini na maua, isimamishe kwenye kopo la maji au kwenye udongo wenye unyevu kivulini. Ndani ya siku saba hadi kumi huwa na mizizi. Usichukue tawi la mmea ulioshindwa kipimo cha gilasi.

Na kabla ya kuingiza jembe kwenye bustani iliyopitiwa na wapiganaji, hasa upande wa kambi ya jeshi ya Rumangabo, ipite kwa macho kwanza. Chuma usichokijua usikiguse, usikichimbue, usikichome. Wazuie watoto, weka alama mbali nacho, na uwaambie wakuu wa kijiji.

Maji yatoke wapi

Fanya hesabu kabla ya kupanda. Miche 100 yenye matunda, kwa lita moja na nusu, inataka lita 150 siku ya jua kali. Hayo ni mabidoni 7 na nusu ya lita 20. Nani atayabeba, mara ngapi, kutoka wapi? Mara nyingi jibu ni mama mmoja na binti yake, kabla ya shule. Miche 40 inayokunywa huzaa kuliko 200 inayoonja, na ningependa watu wanaogawa mbegu bure wawe wanauliza swali la bidoni kwanza.

Paa ndilo kisima cha karibu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mabati yenye mita 30 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, inatoa lita karibu 300, utoe kidogo kinachomwagika. Mvua mbili za mwisho za Mei zinaweza kujaza shimo la lita 500 lililotandikwa turubai. Lifunike kwa mbao au mabati mazito: mtoto huzama kwenye maji ya kina cha paja, na mbu hawahitaji hata hayo.

Chupa tupu ya lita moja na nusu nayo ni chombo. Toboa kizibo kwa msumari wa moto matundu mawili, kata kitako, funga kitambaa chepesi ndani ya shingo ili uchafu usizibe, kisha ifukie kichwa chini, sentimita kumi na tano kutoka kwenye shina, shingo ikifika kwenye mizizi. Jaza asubuhi. Ikichukua saa mbili au tatu kuisha, matundu ni sawa. Ikiisha kwa dakika tano, kizibo hakijakaza au matundu ni makubwa. Kwenye changarawe ya Rumangabo chupa hii huokoa maji kuliko arozwari yoyote, kwa kuwa hakuna tone linalobaki kwenye uso wa moto.

Juu ya yote hayo tandaza. Maganda na mabua ya maharage, nyasi kavu zisizo na mbegu, majani ya migomba yaliyochanwa, unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili lisioze. Rudia kile kipimo cha kiganja saa nane mchana chini ya matandazo, utahisi tofauti mwenyewe. Ila tandaza juu ya udongo uliokwisha kunywa. Nyasi juu ya udongo mkavu huzuia hata mvua ndogo isifike.

Mmea ukishasimama

Majani yaliyoungua hayatarudi kuwa ya kijani, usiyangoje. Tazama kileleni. Jani jipya lililonyooka, lenye rangi sawa, ndilo habari njema.

Hasara ya pili huja kwenye matunda. Kitako cha nyanya kikigeuka cheusi na kubonyea, kinachokosekana ni kalisi kwenye tunda, na mara nyingi imekosekana kwa sababu maji yalikuja na kukatika, maana kalisi husafiri ndani ya maji. Toa matunda hayo, rekebisha unyweshaji, yanayofuata yatatoka mazima. Matunda yanayopasuka ni ya mmea uliokaa na kiu kisha ukapata maji kwa ghafla; mvua ya kwanza nzito ya Septemba hupasua matunda mengi yaliyoanza kuiva. Ukiona mawingu yanajikusanya juu ya mlima Mikeno, chuma kila tunda lenye wekundu hata kidogo.

Mmea uliopata maji, kivuli na siku kumi, na bado unaukuta umelala asubuhi, ung'oe. Kata shina, tazama ndani, fanya kipimo cha gilasi hata kama unadhani unajua jibu, kwa sababu ndicho kitakachokwambia kama pale papandwe nyanya tena au mahindi. Mbegu mpya zikiingia kitaluni mwanzoni mwa Agosti, chini ya kivuli chepesi, miche huwa tayari kuhamishwa kati ya wiki ya nne na ya sita, mvua za Septemba zikiwa zimeshika.